Ukoko wa Mgeni

Wanangu wa jikoni,

Aproni nimeshaikabidhi na funguo za stoo anazo Neema. Begi langu la kurudi nyumbani liko wazi kitandani hapa Wadi Kabir, Maskati, halijajaa bado, na kila nikikunja nguo nasimama kidogo. Mliniomba niwaachie maelezo ya vyakula vya Kijapani ambavyo mteja mgeni anafaa kuvionja, hasa yule anayeingia akaishika menyu kana kwamba ni karatasi ya mtihani. Nawaandikia. Lakini mjue kwamba njiani nitapita kwenye chakula kimoja ambacho hakimo kwenye menyu yetu, na hapo uso wangu huwaka mpaka leo. Mambo ya cheo na mshahara siyagusi. Mshahara mnaujua, na cheo changu kilikuwa kusimama.

Nilikuja Maskati kutoka Tanga kufanya kazi za nyumbani kwa Bi Thuraya. Ninyi mnamjua kama mwenye mgahawa, mimi nilimjua kwanza kama mwenye kabati la vikombe ambavyo havikutakiwa kuguswa. Wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake ni cha kule, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza, hata pale ambapo ningependa tusielewane. Alisafiri Japani mara moja, akarudi na wazo la kufungua mgahawa Khuwair ya Kusini. Nyumbani tulidhani litampita. Halikumpita, na siku moja akaniambia nimfuate, kwa kuwa nina mkono mwepesi na sichagui kazi.

Mpishi alikuwa Mzee Ogawa. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, anayeongea Kiingereza cha jikoni kilichochanganywa na Kiarabu cha sokoni, na akikasirika hakupaza sauti bali aliinuka akakufanyia kazi yako mwenyewe, kimya, huku wewe umesimama. Bora angetukana.

Siku yangu ya kwanza mlango wa nyuma ulikuwa ukijifunga kila mara. Nikatafuta kitu cha kuuzuilia, nikaona rafuni kipande cha mti, kigumu, cheusi, kimepinda kama ndizi. Nikakisukumiza chini ya mlango nikaendelea kufagia. Mzee Ogawa alipoingia alikitazama. Kisha akachuchumaa, akakitoa, akakifuta kwa kitambaa safi, akachukua kisanduku chenye randa juu yake, mfano wa randa ya fundi seremala, akaanza kukiparuza. Zikatoka karatasi nyembamba za rangi ya waridi, na harufu ya samaki ikajaa jikoni. Alikuwa jodari, kakaushwa na kufukizwa moshi hadi akawa mti. Mimi mtoto wa pwani, niliyekulia kwenye harufu ya ng'onda, samaki wa kukaushwa juani, nilikuwa nimezuilia mlango kwa samaki. Alinipa kipande kidogo nionje.

Kwa hiyo mteja akiuliza aanzie wapi, mwambieni aanzie hapo, kwenye supu. Hizo karatasi za samaki zikichemshwa kidogo na mwani unapatikana mchuzi mwepesi ambao ndio msingi wa karibu kila kitu chetu. Ukikoroga ndani yake rojo la soya lililochachuliwa, ambalo ndilo miso, una supu ambayo hata mtu mwenye woga ataimaliza. Usiichemshe ikishatiwa miso. Mzee Ogawa alikuwa akiiona supu inatokota tu, anaimwaga.

Tempura mnaijua. Msiwaambie wateja kwamba ni bajia. Mimi niliwaambia familia nzima hivyo, kwa sauti, na Mzee Ogawa yuko nyuma yangu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu anasikitika kwa masikio. Siri yake ni maji ya barafu kwenye unga, na kutoukoroga sana. Unga ukiwa na madonge ndiyo vizuri. Kwetu mwanamke akiacha madonge anasemwa, kwa hiyo ilinichukua muda kuuachia unga madonge yake bila kuona soni.

Ile chawanmushi, ya mayai na supu iliyopikwa kwa mvuke ndani ya kikombe, mwambieni mteja mapema kwamba si tamutamu. Wengi huiona laini wakadhani ni kitindamlo, wakaomba sukari, kisha wakachimbua kamba wa baharini ndani yake wakatutazama kwa lawama. Na tambi nene za udon zina adabu yake. Wajapani huzifyonza kwa sauti, na ndiyo heshima kwa mpishi. Mara ya kwanza nilipowahudumia wakizifyonza, nilirudi jikoni nimeinamisha kichwa, nikiwaonea haya wao. Bibi yangu angenipiga kijiko mkononi.

Halafu kuna ochazuke, wali uliomwagiwa chai ya kijani ya moto na kunyunyiziwa chumvi. Hiki wateja wetu hawakiagizi, lakini ninyi kionjeni. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu kwetu kiporo cha wali na chai ya asubuhi ni chakula cha nyumbani, cha kula ukiwa na kanga begani, si cha kumwekea mtu mezani. Nilicheka mapema mno, kama mtakavyoona.

Kuhusu wali wenyewe, mnajua tunapikia kwenye sufuria ya umeme. Mteja wa Maskati ana haraka, na mashine haikosei. Ila juu ya rafu, pembeni mwa feni, mmeona kile chungu cheusi cha chuma chenye mfuniko mzito wa mbao. Kwa muda mrefu nilidhani ni pambo. Nilikuwa nakipangusa vumbi kila Ijumaa pamoja na yule paka wa plastiki anayepunga mkono.

Siku moja Mzee Ogawa alikishusha. Alikiosha, akakipaka mafuta, akaloweka mchele mapema. Kisha akamwendea Bi Thuraya, akamwomba meza ya pembeni kwa mchana ule. Alisema dada yake anakuja. Alikuwa kwenye meli ya watalii iliyotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, na jioni ileile meli ingeondoka.

Hatukujua kwamba ana dada. Wakati tunamenya figili ndipo akaniambia, macho kwenye kisu. Mama yao alifariki yeye angali mdogo, na dada huyu ndiye aliyemlea. Mume wa dada alipofariki, Mzee Ogawa hakwenda kumzika. Kazi ilimshika, akaona haya kupiga simu. Kadiri siku zilivyopita haya ikaongezeka, mpaka ikawa hawezi tena kupiga. Miaka ikapita hivyo. Sasa dada amezeeka, amepanda meli ya watalii, na yeye alikuwa na mchana mmoja tu wa kuomba radhi. Nilimuuliza atamwambia nini. Akasema hatamwambia kitu, atampikia wali. Nikaona ni majibu ya mtu asiyetaka kuulizwa, nikaendelea na figili.

Alipika chungu kile mwenyewe, sikio karibu na mfuniko, kama anasikiliza kifua cha mtoto. Alipoona teksi imesimama nje alizima moto, akatuambia tuulete wali wakishakaa, akavua aproni akatoka. Nilimwona dirishani. Dada alikuwa bibi mdogo mwenye kofia ya jua, na walisimama wakiinamiana, kila mmoja akimzidi mwenzake kuinama, bila kugusana.

Bi Thuraya aliingia jikoni akinusa. Alikuwa amevaa vizuri siku hiyo kwa ajili ya mgeni, hata udi alijifukiza.

"Zaina, kuna kitu kinaungua?"

Tukafunua chungu. Juu wali ulikuwa mweupe, unang'aa, lakini pembeni ulikuwa umeshika, na nilipoingiza mwiko niligusa ukoko chini, mnene, wa rangi ya kahawia. Tukatazamana. Mzee Ogawa hakuwahi kuunguza hata ufuta. Tukaelewa, au tulidhani tumeelewa: mikono imemtetemeka. Siku moja katika miaka yote amekosea, na ndiyo siku hii.

"Maskini mzee wa watu," alisema Bi Thuraya, na ukoko kwao huitwa utandu. "Hawezi kumpa dada yake utandu. Mgeni katoka bahari ngapi, umtilie utandu? Wallahi hatoki nao humu ndani. Lete lile bakuli la maua."

Lile ndilo lililokuwa bakuli letu zuri kuliko yote. Nilipakua wali wa juu tu, mweupe, punje kwa punje, nikaurundika vizuri nikauwekea ufuta. Ukoko nikaukwangua ukatoka vipande vikubwa, unakatika kwa mlio. Sasa ninyi mnajua watoto wa pwani. Nilitia kipande mdomoni bila kufikiri. Bi Thuraya aliniangalia, akatazama mlango, kisha akanyoosha mkono.

Tukaula pale, tumesimama, mimi mtumishi na yeye mwenye mali. Alisema hajala utandu tangu nyumbani kwa bibi yake, na kwamba walikuwa wakipigania sufuria yeye na kaka zake. Alikuwa anacheka huku amefunika mdomo kwa mtandio. Nakumbuka nilifurahi mno. Nilihisi tumemstiri mzee wetu, na thawabu yetu tumeilia palepale. Ulipobaki ule wa chini kabisa, ulioganda, nikamimina maji ya moto kutoka kwenye birika ili chungu kilainike, wateja wa meza nyingine wakaniita, nikatoka na bakuli nikalipeleka.

Nililiweka mbele ya bibi yule kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa. Aliutazama wali. Halafu akamtazama kaka yake. Aliweka tu mikono mapajani, kama mtu aliyefika ofisini akaambiwa huyo anayemtafuta ametoka. Mzee Ogawa aliniuliza chungu kiko wapi. Nikamjibu, na nilikuwa bado natabasamu, kwamba nimekiloweka.

Alimwomba dada yake udhuru kwa Kijapani, akainuka, akanifuata jikoni. Bi Thuraya alikuwa ananawa vidole. Alimpigapiga begani kwa upole, akamwambia kwa Kiingereza kwamba asijali, tumeificha ile sehemu iliyoungua, dada yake hatajua.

Mzee Ogawa alitazama chungu, maji yamejaa ndani. Akatueleza polepole, akitafuta maneno. Kwao huo ukoko unaitwa okoge, na ndio utamu wa chungu. Hauunguzwi kwa bahati mbaya, unapikwa, na yeye alikuwa ameusikiliza ule wa leo mpaka ukafika. Utotoni, chakula kilipokuwa kidogo, dada yake alikuwa akiukwangua wote, akaufinyanga na chumvi, akampa yeye. Hakuwahi kujibakizia. Juzi, aliposikia meli ya dada itapita hapa akapata ujasiri wa kumpigia simu, alishindwa kusema neno lolote la maana, akasema moja tu: njoo, safari hii okoge ni wako.

"Sasa amepewa wali mweupe," alisema.

Wanangu, nimewahi kuaibika. Nimewahi kumwagia mteja supu, nimewahi kuingia chumba cha mikeka, ambamo viatu huvuliwa, nikiwa na soksi iliyotoboka na kidole kikachungulia kwa muda wote wa chakula. Hizo ni aibu za nje, unaoga zinatoka. Hii ilianzia tumboni, kwa sababu kilichotakiwa kuwa mezani ndimo kilimokuwa. Nilikuwa bado na ladha yake kwenye ulimi. Nilitamani anipandishie sauti japo mara moja. Badala yake aliokota mwiko niliouacha kombo, akauweka sawa.

Muda wa kupika kingine haukuwepo. Mchele ule hutaka kulowekwa, na teksi ilikuwa imeambiwa isubiri.

Mtu aliyetoka kwanza ni Bi Thuraya. Mimi nilidhani ataniagiza mimi niende, na ningekwenda, ndiyo kazi ya mtu kama mimi. Lakini alijifunga mtandio vizuri akaenda mwenyewe hadi kwenye ile meza, na mimi nyuma yake, na Mzee Ogawa nyuma yangu. Alisimama mbele ya yule bibi. Kiingereza chake kizuri chote kilimkimbia. Aligeuka akaanza kwa Kiswahili, kisha akamwambia Mzee Ogawa atafsiri.

"Mwambie mimi ndiye nliyeula. Na huyu, lakini mimi ndiye nliyemwambia. Mwambie nna umri huu, nna wajukuu, na nimekula chakula cha mgeni wangu jikoni, nimesimama. Mwambie kaka yake hana kosa, okoge wake aliuweka."

Maneno yale Mzee Ogawa hakuyajua, ikabidi nimgeuzie kwa Kiingereza changu kibovu, yeye ayageuze kwa Kijapani. Kwa hiyo aibu ile ilisemwa mara tatu, kwa lugha tatu, na kila mara mtu mpya alikuwa anainamisha kichwa. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kifupi. Mzee Ogawa akatugeukia.

"Anauliza, ulikuwa mtamu?"

Bi Thuraya alivuta mtandio mdomoni. Nikajibu mimi. "Mtamu sana, Bibi."

Yule bibi aliitika kwa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha, akasema basi kaka yake amejua kupika. Kisha akataka aonyeshwe chungu.

Tulijaribu kumzuia. Jikoni kulikuwa na maganda, ndoo, na kamba waliokatwa vichwa. Mgeni haingizwi mahali pale. Lakini alishapita, mdogo hivyo, na kofia yake mkononi. Akainama juu ya sinki. Mimi nilikuwa nakumbuka kitu kimoja tu, chupa ya sabuni, ambayo niliiacha kando ya chungu, kifuniko wazi. Sikuwa nimeitia. Wateja wa meza nyingine waliniita kabla sijaimimina, na mpaka leo nikiwaona wateja wasumbufu nawavumilia kwa ajili ya wale.

Aliona ukoko ule wa mwisho uliogoma kubanduka, umelainika kwenye maji ya moto. Akaomba chumvi na chai. Mzee Ogawa aliwahi kumletea. Alimwaga nusu ya maji, akamimina chai palepale chunguni, akanyunyiza chumvi, akaketi juu ya kreti ya mboga iliyopinduliwa, akaanza kukwangua na kula. Bi Thuraya alifunika uso mzima kwa mtandio. Mgeni wake, aliyetoka mbali kiasi kile, alikuwa akinywa maji ya kulowekea chungu juu ya kreti, na sisi tumesimama tukimtazama, matumbo yetu yamejaa haki yake.

Katikati ya kula alimkabidhi Mzee Ogawa kijiko. Alikataa. Dada akakishikilia vilevile, mkono umenyooka, mpaka akakipokea. Alikula kijiko kimoja akageukia friji, na akakaa ameitazama friji kwa muda mrefu kuliko friji inavyostahili.

Jioni ile meli iliondoka. Mwaka uliofuata Mzee Ogawa alikwenda kwao likizo, akazuru kaburi la shemeji yake, akarudi akafanya kazi miaka mingine, ndipo akastaafu. Chungu alikiacha rafuni. Alinifundisha kuusikiliza ukoko: kwanza maji yanabubujika, kisha kunakuwa kimya, kisha unaanza kupasuka taratibu, na hapo unahesabu moyoni bila pupa. Nami nikamfundisha Neema. Bi Thuraya hakuwahi kulitaja tena jambo lile, ila tangu siku ile, kila chungu kikishuka, alikuwa akitoka jikoni.

Sasa niseme la wiki iliyopita. Mliniandalia meza ileile ya pembeni mkanikalisha kama mgeni, na sijui kukaa kama mgeni, mikono yangu haikujua iende wapi. Nilisikia kutoka jikoni harufu ya chungu kile. Nilijua Neema amekipika, na nilijua ukoko umefika, maana pua yangu haijastaafu. Nikasubiri. Ukaja wali kwenye bakuli la maua, mweupe, umerundikwa vizuri, umenyunyiziwa ufuta. Mlikuwa mmeupakua wa juu, punje kwa punje. Mlinistahi.

Nikasikia kijiko kinakwangua chuma, na vicheko vya watu wenye vinywa vimejaa.

Niliona haya kuinuka, na niliona haya zaidi kwa kutaka. Nikaula wote, nikashukuru, nikawaombea dua. Nilikuwa nimeweka mikono mapajani, na ndipo nilipomwelewa yule bibi. Sikuwalaumu hata kidogo. Ni mimi niliyewafundisha kupika nisiwafundishe kupakua, kwa kuwa kuwafundisha kupakua kulihitaji nisimulie haya.

Basi mkifikiwa na mgeni mkubwa, mpelekeeni chungu chenyewe, na mwiko wake, akwangue mwenyewe. Kikibakia kitu chini mmiminieni chai ya moto. Sabuni iwekeni mbali.

Na wewe Neema, mwanangu, ulikuwa mtamu?